Mkono Uliotangulia

Visiwa vya Hessa ni thelathini na kimoja maji yakijaa,
thelathini na vitatu yakitoka,
na kimoja zaidi ambacho hatukihesabu
kwa sababu chenyewe hutuhesabu sisi.

Barafu ikiachia mlango-bahari, mwezi wa kukata manyoya,
wageni hufika na nyundo na magunia matupu.
Wanauliza uchawi umebaki wapi.
Tunawauzia samaki wakavu, tunawauzia kamba.
Ushauri tunautoa bure, na hakuna anayeuchukua.

Wa kwanza: ngazi za Torsk zikikuita jina, usiitike.
Waliozijenga wamekufa miaka mia sita sasa
lakini mawe hayajapata habari;
bado yanapokea waalikwa wa karamu ile,
na karamu ile haina mlango wa kutokea.

Wa pili: ukiona taa juu ya mnara wa Gullen, geuza usukani.
Taa ile haina mafuta wala mwashaji.
Kaka yangu Oddvar alisema, mwanga ni mwanga.
Tulipata buti lake moja.
Lilikuwa kavu.

Wa tatu si ushauri. Ni mama.

Ysrun wa Ketil alikuwa na miaka kumi na tisa
alipotia mkono wa kushoto katika birika la shaba kisiwani Skeld
kufuata kisu chake cha kuparia samaki.
Kisu alikipata.
Mkono ulitoka na miaka themanini.

Sikujua mama mwingine ila huyo, wa mikono ya marika mawili:
wa kulia ukinizaba kofi,
wa kushoto ukinipangusa machozi
kwa ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.
Akifuma, ule kijana ulikimbia,
ule mzee ukaushika kifundo: taratibu, mwenzangu,
sweta halina mashindano.
Usiku mzee aliandika peke yake juu ya blanketi
herufi ambazo hakuna shule inayozifundisha.
Nilizinakili kwa mkaa. Nilipobalehe nikazisoma kwa sauti,
nazo zikajipanga mizani zenyewe, bila kuombwa:

    Kilichojengwa kwa neno, kwa neno kitabomoka,
    Tulivunja mapatano, bahari tukaicheka,
    Tukaazima mkono, neno lipate kufika,

Hapo pakaishia. Hakuna kituo.
Alfajiri ile mkono ulikufa,
miaka kumi na minane kabla ya mwenyewe.

Msiba ukakaliwa, kwani tungefanyaje?
Majirani walileta mikate ya shayiri na mishumaa.
Mama aliketi sebuleni akipokea rambirambi,
marehemu akiwa mapajani mwake.
Siku ya tatu Hallbera, fundi wa mashua,
akautenga kwa msumeno wa mbao laini,
akiomba radhi, sijui kwa nani kati yao.
Tukauzika katika kisanduku cha msonobari, kirefu kama fidla,
na mama akajifunza kufunga kamba za viatu kwa meno.

Alipofuata, tulichimba kando.
Sepetu ikapasua kisanduku.
Ndani mlikuwa na mkono wa msichana,
wa miaka kumi na tisa, kucha zimekatwa vizuri,
na kidole cha shahada kikiwa bado kibichi kwa wino.

Mshororo wa nne ulikuwa chini ya kifuniko.
Niliusoma nikiwa nimepiga magoti kwenye tope,
wazishi wakidhani nalia.
Kisha nikateremka mjini
kuomba kazi hii ya ukarani wa bandari
ambayo hakuna aliyeitaka.

Basi, mgeni, karibu Hessa.
Gunia lako liweke pale. Nyundo pia.
Kabla sijagonga muhuri kuna swali moja tu,
la kawaida, tunawauliza wote:
wewe huandika kwa mkono upi?